Kompyuta Isiyokubali Kuzimika

Kompyuta ya mezani ikizimwa, kioo kikawa cheusi ilhali feni bado inavuma, tusikimbilie kuchomoa waya. Huenda diski bado inaandika, na faili la matokeo ya mitihani likaharibika. Hiyo ni amana ya watu. Tusubiri dakika chache. Ikigoma, tubonyeze kitufe cha kuwashia bila kuachia, kama sekunde 10.

Tukiiwasha tena, wa kwanza kushukiwa ni ule mpango wa kuwaka haraka, uliokuja na Windows 8 mwaka 2012. Huo hauifungi mfumo kabisa, bali huhifadhi hali yake kwenye diski. Tushike Shift tunapochagua kuzima. Ikizimika vizuri, tuuondoe mpango huo kwenye mipangilio ya umeme. Ikikataa, tuchomoe printa, kisha flashi, tukizima upya kila tunapotoa kimoja.