Chini ya Nairobi: Maswali Kuhusu Matetemeko, Volkano na Milima

Mkazi wa Karen, Dagoretti au Uthiru huiona Milima ya Ngong karibu kila siku. Nyuma ya milima hiyo ardhi inashuka kwa ghafla hadi kwenye Bonde la Ufa. Nairobi imejengwa kwenye ukingo wa bonde ambalo bado linapanuka, na kila mwenyeji anastahili kujua maana ya jambo hilo.

Mabamba ya dunia ni nini?

Tabaka gumu la nje la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba ya mwamba yenye unene wa makumi ya kilomita, na mahali pengine zaidi ya 100. Chini yake kuna mwamba wa moto sana ambao haujayeyuka, lakini hujongea polepole kadiri joto linavyopanda kutoka ndani. Mabamba nayo husogea: kwingine hugongana, kwingine hupishana, kwingine huachana. Kwetu yanaachana. Bamba la Nubia, lenye sehemu kubwa ya Afrika, liko magharibi mwa bonde. Bamba la Somalia liko mashariki. Nairobi iko upande wa Somalia.

Yanaachana kwa kasi gani?

Nchini Kenya ni milimita chache tu kwa mwaka. Tangu reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, pande mbili za bonde hazijaachana hata nusu mita. Mwendo huo ukiendelea, bahari inaweza kuingia katikati, ila hilo ni jambo la mamilioni mengi ya miaka.

Mbona basi ardhi ilipasuka Mai Mahiu mwaka 2018?

Mwezi Machi mwaka huo korongo lilifunguka baada ya mvua kubwa na kukata barabara ya Narok. Watu wengi waliambiwa Afrika inagawanyika mbele ya macho yao. Eneo hilo lina mipasuko ya kale iliyojaa majivu laini ya volkano. Maji ya mvua yaliyasomba majivu hayo chini kwa chini, na udongo wa juu ukadidimia. Bara halikugawanyika siku ile.

Tetemeko hutokeaje?

Mabamba husogea, lakini mwamba kwenye mipasuko hukwama kwa sababu ya msuguano. Mkazo hujikusanya kwa miaka mingi, hata karne. Unapozidi msuguano, pande mbili za mpasuko huteleza kwa sekunde chache na kutuma mawimbi ardhini. Hivyo ndivyo ilivyotokea Subukia, kaskazini mwa Nakuru, tarehe 6 Januari 1928, katika tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9, ambalo ndilo kubwa zaidi kurekodiwa Kenya.

Julai 2007 mfululizo wa matetemeko ulitokea karibu na Mlima Gelai na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Katikati ya Nairobi, wafanyakazi walitoka mbio kwenye maghorofa. Wanasayansi walipochunguza walibaini kwamba magma ilikuwa imejipenyeza kwenye nyufa za chini. Septemba mwaka huohuo Ol Doinyo Lengai, volkano jirani, ikaanza kulipuka kwa nguvu.

Volkano zinatoka wapi?

Mwamba wa chini una moto mkali lakini hauyeyuki, kwa kuwa umebanwa na uzito ulio juu yake. Mabamba yakiachana, tabaka la juu hupungua unene, mwamba wa moto hupanda, mbano hulegea, na sehemu yake huyeyuka kuwa magma. Suswa, Longonot na Menengai zilizaliwa hivyo. Longonot ililipuka mara ya mwisho katika karne ya 19, na haihesabiwi kuwa imekufa. Joto hilohilo linaendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, iliyoanza kazi mwaka 1981.

Nairobi yenyewe imekaa juu ya lava na majivu yaliyoganda. Mawe ya kuchonga yaliyojenga nyumba nyingi za jiji ni majivu hayo, na udongo mwekundu wa Lavington na Kangemi ni mwamba wa volkano uliooza.

Milima yote ni volkano?

La. Himalaya ilikunjwa na kuinuliwa bamba la India lilipogonga Asia. Rwenzori, yenye mita 5,109, ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu kando ya mipasuko. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ni volkano iliyozimika. Ngong nayo ni mabaki ya volkano kubwa: bonde lilipofunguka, upande wake wa magharibi ulikatika ukazama, na tunachokiona ni upande uliobaki. Joto la chini limeinua pia eneo zima, ndiyo maana jiji liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na baridi ya Julai hutufikia ingawa tuko karibu na ikweta.

Je, tetemeko linaweza kutabiriwa?

Haliwezi. Ujumbe wowote wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko ni uongo; usiusambaze.

Tufanye nini?

Katika tetemeko, watu wengi huuawa na majengo yanayowaangukia. Mwaka 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma wakati wa mvua, likaua karibu watu 50, bila tetemeko lolote. Jengo la namna hiyo haliwezi kustahimili mtikisiko. Kwa hiyo anayejenga atumie mhandisi aliyesajiliwa, asipunguze vyuma wala saruji, wala asiongeze ghorofa zisizo kwenye ramani iliyoidhinishwa. Mpangaji akiona nguzo zenye nyufa aripoti kwa kaunti au Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, kaa mbali na vioo, usikimbilie ngazi wala lifti. Ikitulia, funga mtungi wa gesi, utoke nje, usimame mbali na kuta na nyaya za umeme. Wafundishe watoto hatua hizi leo, nyumbani na shuleni.