Safu ya Ushauri: Wiki Moja Mtoni Yatosha

Barua iliyoifikia safu hii imetoka kwa mama wa Kitanzania anayeishi Köln, Ujerumani, ambaye mumewe, kwa kuwa amestaafu na watoto wamekwisha kuondoka nyumbani, anataka waadhimishe miaka 25 ya ndoa kwa safari ya meli ya mtoni ya wiki mbili, kutoka Amsterdam hadi Budapest. Mama huyo anahofia kufungiwa chumbani muda wote huo na mtu ambaye siku hizi huzungumza kwa nadra, na anauliza kama akubali, na kama akikubali, wateremke wapi.

Safari aikubali, ila njia ibadilishwe. Njia hiyo ndefu hupanda Mto Rhine, huingia Mto Main, kisha hupita katika Mfereji wa Main-Danube, uliokamilika mwaka 1992, ambao huipandisha meli hadi mita 406 juu ya usawa wa bahari kwa kutumia vyumba vya maji, yaani mabirika makubwa ya zege yenye malango mbele na nyuma, ambamo meli huinuliwa au kushushwa kadiri maji yanavyojazwa au kutolewa. Mhandisi atafurahi, lakini wanandoa watajikuta mara kwa mara dirisha lao likitazamana na ukuta wa zege uliolowa, karibu kiasi cha kuguswa, huku sitaha ya juu, mahali pa kukaa na kutazama mandhari, ikifungwa kwa sababu madaraja ya huko ni ya chini.

Mzee akishikilia kwamba lazima azione ngome za Rhine, basi bonde la kati ya Koblenz na Bingen, lenye jabali la Loreley na ngome ya Pfalzgrafenstein iliyojengwa kisiwani ili kuwatoza ushuru wapitao mtoni, linafikika kutoka Köln kwa treni, na meli za kutwa zipo.

Kinachowafaa ni wiki moja ya Mto Danube, kutoka Passau, mji ambako mito ya Inn na Ilz huungana nao, hadi Budapest, umbali wa takribani kilometa 580. Faida yake nyingine, mbali na kuukwepa mfereji, ni kwamba kiangazi kikali huikwamisha zaidi meli kwenye kina kifupi cha Rhine pale Kaub na cha Danube kati ya Straubing na Vilshofen, na sehemu zote mbili zinaepukwa na anayeanzia Passau.

Roho ya safari hiyo ni Wachau, bonde la Austria kati ya Melk na Krems, lisilofika kilometa 40, ambalo mashamba yake ya mizabibu yamepangwa kwa matuta ya mawe hadi juu ya vilima. Wahakikishe kwamba ratiba inalipitisha mchana, kwani meli inayolipita usiku imewanyima walichokilipia. Dürnstein wateremke bila kukosa: kuna mnara wa kanisa wa rangi ya samawati na nyeupe ukingoni mwa maji, na juu yake magofu ya ngome inayohusishwa na kifungo cha Mfalme Richard wa Uingereza, aliyekamatwa Desemba 1192 akitoka katika Vita vya Msalaba. Njia ya kupanda huko ni ya mawe na yenye mwinuko mkali, hivyo viatu viwe imara. Vienna inajulikana vya kutosha. Budapest iingiwe usiku, watu wakiwa sitahani, taa za jengo la Bunge zikimulika mtoni.

Chumba chenye roshani kisiwaponze, kwa sababu bandarini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, na roshani ya gharama kubwa huenda ikatazamana na dirisha la jirani.

Ama ukimya wa mume, huo ni wa kuzungumzwa sebuleni Köln kabla nauli haijalipwa, kwa kuwa melini hakuna chumba cha pili cha kuhamia mazungumzo yakiharibika.