Intaneti Ikikatika: Mtandao wa Ndani Ubaki Hai
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa shule, zahanati na nyumba za wageni, Kilosa na Mikumi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikadhoofika hapa nchini na kwa majirani zetu. Mikumi iko karibu kilomita 300 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, lakini ujumbe unaotoka hapo kwenda kwenye seva ya ng'ambo hutegemea kebo za namna hiyohiyo. Nasi wa Kilosa hatuna haja ya kungoja bahari ituletee taabu. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu walihama makwao na reli ya kati ikasombwa. Maji yenye nguvu hiyo hayashindwi na nguzo wala kebo.

Kinachotuuma ni kinachofuata baada ya hapo. Intaneti ikikatika, watu huona kila kitu kimekufa. Kompyuta ya mapokezi na ya chumba cha dawa zimo katika jengo moja, hatua 20 tu kati yake, lakini muuguzi anarudi kubeba makaratasi mkononi. Wanafunzi wanaambiwa waende nyumbani, ilhali masomo yote yamo ndani ya seva iliyo kabatini mwa mwalimu.

Tundu la nje na matundu ya ndani

Ruta za meshi, zinazoweza kuuweka hai mtandao wa ndani, ni ruta mbili, tatu au zaidi zinazopokezana mawimbi, kama nyuzi za wavu zilivyofungana fundo kwa fundo. Ruta ya kwanza ndiyo mlango wa kutokea. Ina tundu lililoandikwa WAN, ambalo hupokea kebo ya kampuni ya intaneti, na matundu ya LAN, ambayo ni ya humu ndani. Kebo ya WAN ikiwa haina kitu, matundu ya LAN na Wi-Fi huendelea kupitisha data kutoka kifaa hadi kifaa. Kazi hiyo haihitaji kutoka nje ya jengo. Kinachohitajika ni umeme na ruta kuwa zinawaka.

Kwenye ruta za pili na tatu mambo hubadilika kidogo, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Katika aina nyingi, matundu yote ya ruta hizo huwa ya ndani, hata lile lililoandikwa WAN. Aina nyingine huchagua zenyewe tundu lipi liwe la nje, kwa kuangalia kebo iliyochomekwa imetoka wapi. Basi usiamini maandishi peke yake. Chomeka kompyuta, kisha jaribu kufungua seva.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuchomeka seva au printa kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti, kile ambacho kebo yake huingia kwenye tundu la WAN. Siku za kawaida simu zinaweza kuifikia, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Kifaa kile kikizimika au kikiondolewa kwa matengenezo, seva inaondoka nacho. Chomeka seva kwenye tundu la LAN la ruta ya kwanza, na uiache hapo.

Simu inayokimbia

Simu zikiandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti", nyingi huiacha Wi-Fi kimyakimya na kuhamia kwenye bando. Zima data ya simu, au ikikuuliza, chagua kubaki kwenye Wi-Fi hiyo. Seva utaifungua kwa anwani yake ya namba, kwa mfano 192.168.1.10, kwa sababu majina mengi ya tovuti hutafutwa kwa kuuliza seva zilizo nje. Mwambie fundi aifungie seva namba hiyo isibadilike. Iandikeni kwa kalamu nene, muibandike ukutani.

Na tafadhali sana: usichokoe kitundu cha kufutia mipangilio kwa pini. Ruta nyingine za meshi hupangwa kwa programu ya simu inayopitia seva ya ng'ambo. Ukizifuta wakati intaneti haipo, huwezi kuzipanga tena mpaka irudi, na mtandao wa ndani uliokuwa mzima utakuwa umeuua kwa mkono wako.

Vya kuweka ndani, na umeme wake

Kolibri, programu ya bure ya masomo yenye lugha ya Kiswahili, hufanya kazi bila intaneti kabisa. Programu nyingine, Kiwix, hutunza Wikipedia ya Kiswahili kwenye kompyuta ya kawaida. Mwenye nyumba ya wageni Mikumi anaweza kuweka kwenye seva yake kitabu cha wageni, bei na ramani.

Umeme usisahauliwe. Ruta inayokula wati 6, ikitegemea betri ya volti 12 na ampea-saa 7, hupata karibu saa 7 ukitumia nusu tu ya betri, na betri za asidi hazipendi kukamuliwa zaidi ya hapo. Kumbuka kila ruta ina mdomo wake, na seva pia. Majengo yakiwa ya matofali ya kuchoma yenye kuta nene, unganisha ruta kwa kebo badala ya mawimbi. Kebo moja isizidi mita 100.

Jaribio la dakika 10

Chagueni Jumamosi mchana, wakati hakuna mgonjwa wala darasa. Chomoeni kebo ya WAN. Mmoja asimame karibu na ruta ya mwisho akiwa na simu, mwingine akae kwenye kompyuta ya mbali, na wote wafungue seva kwa namba ya ukutani. Chapeni karatasi moja. Palipokwama, andikeni jina la chumba na tundu lililotumika, mpeni fundi karatasi hiyo, kisha rudisheni kebo mahali pake.