Somo la Familia: Mume Rubani, Mke Rubani

Somo la familia la robo hii linahusu jambo ambalo baadhi yenu mtasema haliwahusu: ndoa ambayo mume na mke wote wawili ni marubani wa ndege za abiria. Tunafahamu kuwa sharika zetu nyingi hazina hata rubani mmoja. Lakini zina muuguzi wa zamu aliyeolewa na dereva wa basi la mikoani, zina mwalimu aliyepangiwa wilaya moja wakati mumewe yuko forodha mpakani, na zina walinzi wa usiku wengi tu. Tumechagua marubani kwa sababu maisha yao yameandikwa kwenye rosta na kufungwa na kanuni, kwa hiyo tatizo linaonekana wazi kuliko kwetu sisi tunaosema tu kwamba kazi zimetubana.

Sababu ya pili ni kwamba tuna deni. Miaka michache iliyopita, tulipokuwa tukiendesha semina za ndoa kwa msaada wa wafadhili, tuliweka sharti kwamba mume na mke wahudhurie pamoja, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Usharika mmoja wa mjini ulituletea majina, na kati yao walikuwamo mume na mke marubani. Semina ya kwanza hawakuja. Ya pili alikuja mke peke yake, akiwa na begi lake la safari, nasi tukamweleza kwa upole kwamba utaratibu hauruhusu. Tukawafuta kwenye orodha. Katika taarifa tuliyopeleka kwa wafadhili tuliandika kuwa hawakuonyesha nia. Haikupita muda mrefu mchungaji wao akatuarifu kwamba mume amehamia kwa kaka yake, na mtoto wao wa miaka minne analelewa na dada wa kazi na bibi kwa kupokezana.

Kamati ya usharika ilikwenda kuwaona, na ilikwenda kwa nia njema. Mzee wa kanisa mmoja alimwambia yule mama, "Binti yangu, nyumba haiwezi kuwa na abiria watupu. Mmoja aache kazi, na unajua ni nani." Akamjibu, "Baba, shikamoo yangu umeipokea, naomba na hili ulipokee. Mkopo wa masomo yangu ya urubani bado tunaulipa. Nikiacha leo, deni litaacha pia?" Mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na alikiri kwamba aliondoka hana jibu. Wahusika wameturuhusu kueleza habari hii bila kuwataja.

Tuanze na kuielewa kazi yenyewe, maana ushauri wetu mwingi hukosea hapo. Ratiba ya rubani kwa kawaida hutolewa mwezi kwa mwezi. Ina siku za safari, siku za mapumziko, na siku za akiba. Siku ya akiba rubani anaweza kuwa nyumbani, lakini amefungwa na simu: akiitwa lazima aende. Ndiyo siku inayozua ugomvi mwingi, kwa sababu jirani anamwona yuko barazani anakunywa chai na anamhesabu kuwa yuko likizo. Nchini Marekani sheria inamzuia rubani wa mashirika ya abiria kupita saa 100 angani katika siku 28 na saa 1,000 katika siku 365. Ulaya kiwango ni saa 900 kwa mwaka wa kalenda. Mtu akigawanya atasema saa 1,000 kwa mwaka hazifiki hata 20 kwa wiki, kazi gani hiyo! Lakini hizo ni saa za ndege tu. Kusoma hali ya hewa, kukagua ndege, kungoja safari iliyochelewa na kulala hotelini mji wa mbali hazimo. Tena katika mashirika mengi makubwa ya Marekani anayetangulia kuchagua ratiba ni mkongwe, hivyo aliyeajiriwa juzi ndiye atakayekuwa kazini sikukuu ya Krismasi.

Sasa weka rosta mbili za namna hiyo katika nyumba moja. Wakiomba siku zao zipishane, mtoto atakuwa na mzazi mmoja nyumbani karibu kila siku, lakini wao watakutana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka. Wakiomba siku zifanane, wataonana, ila zikija siku za safari nyumba nzima inabaki kwa dada wa kazi. Hakuna njia ya tatu isiyo na gharama. Mume na mke hawa walikuwa wamechagua kupishana, kwa ajili ya mtoto, na kwa miaka miwili waliishi kama wafanyakazi wawili wa zamu katika kituo kimoja. Yule baba alituambia kwamba taarifa za mkewe alizipata kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye jokofu: mtoto amekunywa dawa, umeme umelipwa, fundi bomba atakuja Alhamisi. Hata ugomvi hawakuwa na muda wa kuumaliza. Uliahirishwa mpaka mwezi ujao, na ukifika mwezi ujao umezaa.

Na uchovu wa nyumbani una gharama nyingine kwa watu wa kazi hii. Marubani hufundishwa kujipima kabla ya kuruka: je, ninaumwa, nimetumia dawa, nina msongo, nimekunywa pombe, nimechoka, nimekula, moyo wangu umetulia? Aliyegombana na mwenzake usiku kucha anatakiwa aseme hafai kuruka siku hiyo. Wangapi husema? Wakati posho inategemea saa za kuruka, si wengi, nasi hatuwahukumu.

Kuna pia suala la nani anatangulia. Mwanamke rubani akipata mimba husimamishwa kuruka kwa sehemu kubwa ya ujauzito. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga yanamhesabu kuwa anafaa kati ya mwisho wa wiki ya 12 na mwisho wa wiki ya 26 tu, tena kama mimba haina matatizo. Baada ya kujifungua anakuta amepoteza sifa ya kubeba abiria mpaka atimize upya idadi ya kuruka na kutua, ambayo kwa kawaida ni mara 3 katika siku 90, na mara nyingi huanzia kwenye simuleta. Wakati huo mume ameongeza saa zake na anakaribia ukapteni. Walioanza masomo darasa moja wanaachana ngazi ndani ya nyumba moja.

Mfano wa zamani unaojulikana ni wa Amy Johnson na Jim Mollison wa Uingereza. Amy aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930. Jim naye alikuwa na rekodi zake, ikiwemo ya kwenda Cape Town aliyoiweka Machi 1932. Walioana Julai 1932, na Novemba mwaka huo huo mke akaivunja rekodi ya mume ya Cape Town. Mwaka 1933 waliruka pamoja kuvuka Atlantiki wakaanguka Bridgeport, Connecticut, wote wakaumia lakini wakapona. Magazeti yaliwapenda sana. Ndoa ilivunjika mwaka 1938. Hatuwezi kusema ni rekodi zilizoivunja, maana ya ndani ya nyumba wanayajua wenyewe, lakini kikundi kinaweza kujiuliza mume anajisikiaje jina la mke linapotangulia.

Maandiko yanatupa wanandoa wengine wa kazi moja: Akila na Prisila, washona hema (Matendo 18). Tunapenda kuwataja kwenye harusi, lakini mara chache tunasoma walivyohangaika. Walifukuzwa Rumi, wakaenda Korintho, wakaenda Efeso, na katika Warumi 16 kanisa linakutana nyumbani mwao. Mahali kadhaa jina la mke limetangulia na Paulo haoni haja ya kulieleza. Kazi moja pia ina hatari moja: hema zisiponunuliwa, wote wawili wanalala njaa. Mwaka 2020 ndege ziliposimama duniani kwa sababu ya UVIKO-19, nyumba za marubani wawili zilipoteza mishahara miwili kwa mpigo. Hawa wa kwetu walipunguziwa mishahara wote wawili, na ajabu ni kwamba ndipo walipoanza kuzungumza, kwa kuwa walikuwa nyumbani.

Paulo katika 1 Wakorintho 7:5 anawaruhusu wanandoa kutengana kwa muda, ila kwa kukubaliana na kwa muda unaojulikana. Hapo ndipo penye somo letu. Hawa wawili walikuwa wanatengana kwa rosta, bila mapatano. Waliporudiana walikaa siku ile rosta inapotoka, wakazilaza zote mbili mezani, na kabla ya jambo lingine wakatafuta siku mbili za mwezi za kuwa pamoja. Zisipopatikana, mmoja anaomba kubadilishana na mwenzake kazini. Waliazima pia mambo ya chumba cha rubani. Katika ndege hakuna kudhani nani ameshika usukani: mmoja anasema ninashika mimi, mwingine anathibitisha. Wakafanya hivyo kwa mtoto, ada na wazazi wa pande zote mbili. Na kama vile marubani wasivyoruhusiwa mazungumzo ya pembeni ndege ikiwa chini ya futi 10,000 (Marekani iliiweka kanuni hiyo mwaka 1981), saa ya kwanza baada ya mmoja kuingia nyumbani hakuna kuzungumzia madeni wala lawama. Anaoga, anakula, anambeba mtoto.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuja mke alipoitwa kwenye mafunzo ya ukapteni. Mume ndiye aliyeomba safari fupi zinazorudi jioni, na kipato chake kikapungua. Kanisani alichekwa, na aliyemcheka sana ni mjumbe wa kamati ya maendeleo. Wanaishi nyumba moja leo. Bado wanagombana juu ya Krismasi.

Kwa upande wetu tumebadilisha semina: sasa ni vipindi sita vifupi, kila kipindi kinarudiwa siku ya kazi na mwisho wa wiki, na mmoja akija peke yake anapokelewa, anapewa karatasi ya mwenzake. Wafadhili wetu wapendwa wataona gharama ya wawezeshaji imepanda kidogo kwa sababu hiyo, na ile taarifa ya zamani tumeisahihisha kwa barua.

Vikundi vijadili haya. Katika jumuiya yenu, ni nani hawaonekani ibadani pamoja kwa sababu ya zamu, na mara ya mwisho mliwatembelea kwa saa zao au kwa saa zenu? Mume akipunguza kazi ili mke aendelee, je, tunamwombea au tunamcheka? Je, nyumbani kwako rosta mbili zimewahi kulazwa mezani pamoja? Majibu yaletwe na taarifa ya robo mwaka. Kamati zinazotumia bado ile fomu yenye nafasi ya sahihi ya mume na mke waliohudhuria siku moja tafadhali ziiache. Fomu mpya ipo kwa wakuu wa majimbo.