Mashine ya Kuchimba Mtaro: Udongo Si Sawa na Mwamba

Huenda siku moja maji ya bomba yatafika kijijini kwenu, na mashine ya kuchimba mtaro italetwa. Je, itakwenda upesi au polepole? Jibu limo ardhini, si kwenye mashine peke yake.

Mashine hii ina mnyororo mrefu wenye meno, kama ule wa msumeno wa mashine. Mnyororo unazunguka, meno yanakwangua ardhi na kuitoa nje. Kwenye udongo wa kawaida hufungwa meno mapana kama patasi. Kwenye mwamba hufungwa meno yaliyochongoka mfano wa penseli, ncha zake za kabidi ya tangisteni, kitu kigumu sana. Meno hayo huzunguka ndani ya matundu yake ili yalike sawasawa. Jino likikwama, hulika upande mmoja na kwisha mapema.

Udongo wa tifutifu ni kazi nyepesi. Mfinyanzi uliolowa hunata kwenye meno, na mchanga mkavu hurudi mtaroni. Mwamba wa matumbawe, kama ule wa Makunduchi, Unguja, hukatika. Lakini itale ya Mwanza, we! Ina chembe zing'aazo kama kioo, ngumu kuliko chuma cha kawaida. Hapo meno huisha upesi, na mwamba usio na nyufa mara nyingi hupasuliwa kwanza kwa nyundo ya mashine au kwa baruti. Cha ajabu, mawe ya mviringo yaliyofukiwa udongoni huweza kusumbua kuliko mwamba laini ulioshikamana. Hayakatiki, yanabingirika tu na kukwamisha mnyororo.

Basi, kabla ya kupatana bei ya kila meta, chimbeni mashimo ya kupima kwa sururu, kila baada ya hatua mia moja hivi. Fundi akisema "kuna mwamba", mwulizeni: mwamba gani, una nyufa? Hapo ndipo pesa za kijiji zinapoondokea.

Na watoto wasicheze mtaroni. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kilo 1,500 hivi, au zaidi. Ukuta ukiporomoka, mtu hana nafasi hata ya kupiga kelele. Mtaro unaofika kifuani asiingie mtu kabla kuta hazijazuiwa kwa mbao.

Zoezi: Mtaro una urefu wa meta 100, upana wa sentimeta 30 na kina cha meta 1. Ni meta ngapi za ujazo? Je, upana ukiwa sentimeta 60? (Majibu: 30, 60.)