Kadi kwa Waliohamia Nyumba Mpya

SWALI: Nina kampuni ndogo ya usafi wa nyumba hapa Columbus, Ohio. Nataka kuwatumia kadi za matangazo kwa posta watu waliohamia karibuni. Anwani zao nizipate wapi kihalali?

JIBU: Anza na kaunti. Nyumba inaponunuliwa, hati ya umiliki husajiliwa katika ofisi ya kaunti, kwako Franklin, na kumbukumbu hiyo ni ya umma. Ila wapangaji hawamo humo.

Usitegemee Posta ya Marekani, USPS, ikuuzie majina ya waliohama. Kumbukumbu zake za mabadiliko ya anwani, za miezi 48, husaidia tu kusahihisha orodha uliyo nayo tayari.

Ukilenga mtaa mzima uliojengwa karibuni, tumia huduma ya USPS iitwayo Every Door Direct Mail. Unachagua njia za matarishi, kadi inafika kila mlango bila jina, na unaanzia kadi 200.

Tuma mapema, kabla familia haijapata mtu wa usafi, kisha rudia baada ya wiki chache. Kila awamu iwe na namba yake ya punguzo, ujue ipi imeleta wateja.

Zaidi ya yote, linda heshima ya mtu. Mkaribishe mtaani, lakini usimtajie bei aliyonunulia nyumba wala jina la benki iliyomkopesha, hata kama umeviona kwenye kumbukumbu. Na akikuomba umwondoe kwenye orodha, mwondoe siku hiyohiyo.