TAMBI ZA BABU: SOMO JUU YA WANGA NA KISUKARI



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mgeta, katika Milima ya Uluguru, nikamkuta babu yangu mzaa mama amekonda na hana raha. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ana kisukari, akamwagiza apunguze vyakula vya wanga. Ugali alikubali kuupunguza bila maneno mengi. Lakini alipoambiwa kwamba hata tambi ni wanga, alinyamaza siku nzima.

Yafaa nieleze sababu. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikapoteza njia yake ya kupata mafuta. Ndipo likajengwa bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, kiasi cha kilometa 1,710. Waliolijenga, kati ya 1966 na 1968, walikuwa kampuni ya Kiitalia, na bomba hilo lilipita katika mkoa wetu wa Morogoro. Wakati huo babu alikuwa kijana. Aliteremka mlimani kutafuta kazi, akaipata jikoni katika kambi ya wajenzi. Huko alijifunza kupika mchuzi mzito wa nyanya na nyama, na kuumwagia juu ya tambi. Tangu hapo, kila kukiwa na furaha au huzuni nyumbani, babu huingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo wazee wengi wa kwetu hawalifanyi. Mama alikulia chakula hicho, nami pia.

Basi, kwa nini tambi zimdhuru? Katika Biolojia twajifunza kwamba wanga ukifika tumboni huvunjwavunjwa mpaka ukawa sukari iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari hiyo kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, kama babu, insulini haifanyi kazi yake vizuri, au haitoshi, na sukari hubaki katika damu. Ikikaa humo miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Sasa tazameni hesabu hii: katika gramu 100 za tambi kavu, wanga ni kiasi cha gramu 75. Katika gramu 100 za biringanya au kabichi mbichi, ni kiasi cha gramu 6 tu.

Nilijiuliza: je, Waitalia wenyewe hula tambi tu? Nilipouliza na kusoma niliona kwamba sivyo. Kaskazini mwa nchi yao hupika polenta, nayo ni ugali wa mahindi hasa, kwa hiyo haikunisaidia. Lakini wanacho pia chakula cha biringanya zilizopangwa tabaka kwa tabaka pamoja na mchuzi wa nyanya na jibini, bila tambi hata moja. Tena nyanya yenyewe ilikuwa mgeni kwao. Asili yake ni Amerika, na haikufika Ulaya mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Ikiwa wao walimkaribisha mgeni huyo chunguni, sisi twashindwaje kubadili tambi?

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kabichi. Niliikata nyembamba kama tambi, nikaichemsha, nikaimwagia mchuzi. Sahani ikajaa maji. Babu alionja kijiko kimoja, akasema, "Mjukuu wangu, hii ni mboga iliyopotea njia." Alikuwa na haki, kwa maana zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kabichi ni maji.

Ndipo nikalikumbuka somo la osmosisi. Siku ya pili nilikata biringanya vipande vyembamba, nikavinyunyizia chumvi, nikaviacha nusu saa. Chumvi ikayavuta maji yakatoka. Nikavisuuza vizuri ili chumvi isizidi, nikavikamua kwa kitambaa, nikavikaanga kwa mafuta kidogo. Mchuzi niliupika kama afanyavyo babu: kitunguu, karoti moja, kitunguu saumu, nyama ya kusaga na nyanya zilizoiva, kwa moto mdogo muda wa saa nzima, na mwishoni majani ya mrehani.

Jibini la dukani ni ghali, lakini kwetu wako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe, walioletwa Mgeta katika miaka ya 1980. Nilichukua lita 1 ya maziwa yao, nikayachemsha, nikaepua na kutia vijiko vitatu vya maji ya limau. Maziwa yakakatika, nikayachuja kwa kitambaa safi. Kisha nikapanga katika sufuria biringanya, mchuzi na jibini, tabaka kwa tabaka, nikafunika na kutia makaa machache juu ya kifuniko.

Babu alikula akamaliza. Saa mbili baadaye bibi alimpima kwa kile kipimo chao cha nyumbani, tukaona 9.1. Mara ya mwisho alipokula tambi ilikuwa 14.2. Najua kwamba vipimo viwili havithibitishi jambo, kwa kuwa siku hazilingani, lakini vilitutia moyo.

Hapa natoa onyo. Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini na baadhi ya vidonge, asikate wanga ghafula bila kumwuliza daktari, kwa sababu sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa. Kama aweza kumeza, apewe upesi maji yenye sukari. Bibi alikwenda kwanza kuuliza zahanati, ndipo nikapika.

Siku moja kabla sijarudi shuleni, nilikuwa nikikata karoti nikasikia fimbo ya babu mlangoni. Hakuwa ameingia jikoni tangu alipoambiwa habari za ugonjwa wake. Akasema, "Umekata vipande vikubwa mno. Lete kisu." Akaketi juu ya kigoda, akapika mpaka jioni.

Wenzangu, wengi wetu tunao wazee nyumbani walioambiwa "usile hiki, usile kile." Agizo la daktari lazima lifuatwe. Lakini mzee akishaambiwa asichopaswa kula, hubaki ameketi mbele ya sahani tupu. Kazi yetu sisi tuliosoma ni kumwonyesha pia atakachokula, nacho kifanane na kile alichokipenda.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne